Tutavunja Jungu Ndani ya Boma

Nkoma, Mbale
20 Novemba 1955

Mwanangu Mubaraka,

Nakusalimu wewe na mkeo Nangobi, nikimuomba Mungu barua hii iwakute mnakula na kulala vizuri. Sisi huku wazima, isipokuwa goti langu la kushoto, ambalo limeamua kuishi maisha yake peke yake. Mvua haijatuacha. Watu wa mlimani wanaanika kahawa na kuianua mara kumi kwa siku. Jirani yangu Khainza anakusalimu sana. Mwanawe wa pili amepata nafasi ya kusomea ualimu, na tangu siku hiyo mama mtu hagusi ardhi akitembea. Mbuzi wako amezaa mapacha. Nimewapa majina ya wale ndugu wawili wa mtaa wa chini wasionisalimu, na kila jioni nawaita kwa sauti waje kulala.

Naandika kwa mkono wangu, kwa herufi ulizonifundisha mwenyewe ulipokuwa shuleni. Ukiona kosa, jilaumu.

Sasa neno lenyewe. Kilima cha Boma wamekizungushia seng'enge, na wamekifanya bustani.

Nilisikia sokoni nikadhani ni uzushi. Jumanne nikapanda kuona kwa macho yangu. Kuna geti la chuma, kuna ngazi za saruji themanini na nne, nilizihesabu kwa sababu ya goti. Kuna viti virefu vya mbao vilivyopakwa rangi ya kijani. Zile kuta za mawe walizojenga watu wa msafara wamezikwangua ukungu, wamezitia saruji kwenye nyufa, na kando yake wamepanda maua mekundu. Sitakudanganya, Mubaraka, pamependeza. Nilikaa kwenye kiti chao nikatazama. Nyuma yangu mlima wa Wanale umesimama na maporomoko yake meupe ya maji, mbele nchi tambarare inakwenda mpaka Teso, na mvua ilikuwa inatembea huko mbali peke yake. Nilikaa mpaka jasho likakauka.

Halafu nikashuka hadi ukuta wa magharibi kutafuta vigae vyetu. Havipo. Pale paliporundikana vigae vya majungu ya miaka zaidi ya hamsini, wamepafagia, wakaweka mawe yaliyopakwa chokaa.

Getini kuna kibao. Hakuna kuwasha moto. Hakuna kupika. Hakuna mkusanyiko wa watu zaidi ya kumi. Hakuna kuvunja wala kutupa kitu chochote. Nilikisoma mara mbili. Ilikuwa kama vile mtu amekaa na sisi siku nzima, akaorodhesha kila tunachofanya, kisha akakataza kimoja kimoja.

Najua unajua, lakini Jinja inasahaulisha watu, kwa hiyo nakukumbusha. Babu yako Kheri alikuja na msafara kutoka Pangani akiwa mpishi. Waliposimama hapa ndani ya boma lao, ilikuwa mwisho wa Shaabani, akawapikia watu karamu ya kuvunja jungu kabla ya kufunga, kama walivyofanya kwao pwani. Wengine husema kuvunja jungu na wakaishia kula. Yeye alilivunja kweli, jungu lililokwisha kazi, kwenye ukuta unaotazama tambarare. Akamuoa mama yangu, Mmasaba wa hapa hapa, na mama akaendeleza. Tangu nijue kutembea sijakosa mwaka, ila mwaka jana nilipougua.

Mfungo unakuja mwezi wa nne. Wewe ni karani katika ofisi inayopitisha mipango ya miji ya huku mashariki. Uliza ni nani aliyetoa amri hii, umweleze habari zetu. Hawajui tu. Mtu asiyejua huelezwa.

Shangazi yako,
Zaituni binti Kheri


Walukuba, Jinja
18 Desemba 1955

Shangazi yangu mpendwa,

Shikamoo. Nisamehe kwa kuchelewa, kazi zimekuwa nyingi mno. Tunaendelea salama. Nangobi ni mzito, tunatarajia mwezi wa pili, na anakula udongo wa kichuguu nikimficha anautafuta kwa jirani. Nyumba hii tuliyopewa Walukuba ni nzuri, ina umeme, na bomba liko nje ya mlango. Mji unakua. Viwanda vinaota kila upande, na usiku taa za kwenye bwawa zinawaka mpaka asubuhi. Ungekuja ukaona.

Nimefurahi kusikia habari za mbuzi. Tafadhali badilisha majina yao.

Kuhusu mambo ya bustani, shangazi, nakusihi usijisumbue. Mji lazima uwe na mahali pa watu kupumzika. Jungu mnaweza kulivunja uani kwako, pana nafasi ya kutosha na kivuli kipo. Kilicho muhimu ni dua na kula pamoja, sio mahali. Ofisini kwetu mambo haya hupitia kwa wakubwa, na sisi makarani hatuulizi. Tena mwakani kuna nafasi ya ukarani mkuu, na wakubwa wanatutazama.

Nimekutumia kitambaa cha gauni kwa mkono wa dereva wa lori la Yusufali. Ni cha bluu, rangi uipendayo.

Mwanao mtiifu,
Mubaraka


Nkoma, Mbale
10 Januari 1956

Mwanangu Mubaraka,

Salamu. Kitambaa nimekipokea, ni kizuri, nimekishona tayari. Mwambie Nangobi ale udongo wake kwa raha, hata mama yako alikula akiwa na mimba yako na tazama ulivyotoka, mtu mzima na karani. Huku Khainza alipata homa akapona. Mbuzi wanaitwa vile vile.

Barua yako nimeisoma mara tatu nikitafuta jibu la nilichouliza. Nimekuta bomba, umeme na taa za bwawa.

Unaniambia uani kwangu. Uani kwangu napika kila siku, Mubaraka. Kila siku ya Mungu kuna mwanamume anayeniambia supu haina chumvi. Msikitini wanaume wako mbele na sisi tuko nyuma ya pazia. Harusini tuko jikoni. Siku ya jungu ndiyo siku ya pekee katika mwaka ambapo mwanamke wa Mbale anakaa juu, anapata upepo, anakula cha moto mwenyewe kabla hajampakulia mtu, na anaiona nchi yote chini yake. Ndiyo maana Khainza, ambaye si Mwislamu, huja na chungu chake cha malewa, machipukizi ya mianzi, na karanga kila mwaka, na hakuna aliyewahi kumuuliza anafuata nini. Mwaka wa njaa ile kubwa tulipanda na mihogo mitupu. Wakati wa vita vya Hitla, wanaume wetu wakipigana Bama, tulipanda tukawaombea. Na miaka hiyo yote hakuna aliyetuandikia kibao.

Nimezungumza na askari wa getini. Anaitwa Nicanor, alipigana huko huko Bama, ana mguu mmoja mbovu kama mimi, na ni mtu mwema. Nilimuuliza, "Afande, hii amri imetoka wapi?"

Akasema, "Mama, hii kibao hapana mimi naandika. Mimi nakaa hapa tu. Lakini iko karatasi. Bwana ya Kamati ya Bustani alituonyesha. Karatasi nasema waliuliza mutu ya hapa hapa Mbale, na yeye alisema hakuna mutu natumia hii kilima. Alisema ni pori tu."

"Mtu wa hapa hapa? Jina lake nani?"

"Jina mimi sijui kusoma vizuri, mama. Lakini sahihi iko."

Basi sasa sikuulizi tena wakubwa. Nakuuliza jambo dogo. Karatasi hiyo lazima imepita ofisini kwenu. Nitafutie jina la mtu huyo. Nataka kwenda kwake nikakae kwenye mkeka wake nimuulize jungu letu lilimkosea nini. Sitampiga. Labda.

Shangazi yako,
Zaituni


Walukuba, Jinja
25 Februari 1956

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Tumepata mtoto wa kike tarehe kumi na mbili, tumemwita Shifa. Mama yake hajambo. Mtoto ana nywele nyingi na sauti kubwa, na kila anayemwona anasema amekufuata wewe. Kwa ajili hiyo sikuandika mapema, ninaomba radhi.

Nimefikiri jambo zuri. Njoo ukae na sisi Jinja mwezi wa nne. Nitakuja kukupokea stesheni mwenyewe. Umwone mjukuu, ukae mfungo wote. Kabla ya kufunga tutakwenda Masese ziwani, tukale samaki waliotoka majini saa ile ile, hilo ndilo litakuwa jungu letu mwaka huu. Nangobi amekwisha kukutandikia kitanda.

Kuhusu yule mtu, usimtafute shangazi. Haitasaidia. Pengine alikuwa mtu mdogo tu aliyeulizwa swali ghafla na mkubwa wake. Pengine aliogopa. Karatasi ikiisha kutiwa sahihi imekwisha.

Mwanao,
Mubaraka


Nkoma, Mbale
5 Machi 1956

Mubaraka,

Mungu amkuze Shifa, ampe afya, na ampe ulimi wangu kuliko wako.

Jana nilikwenda kwenye Kamati ya Bustani. Nilivaa gauni la bluu. Niliketi barazani kuanzia asubuhi mpaka karani wao akachoka kuniona, akaniuliza nataka nini. Nikasema nataka kusomewa karatasi ya Kilima cha Boma. Kijana yule alikuwa na adabu, akaitoa, akanisomea.

"Mimi niliyetia sahihi hapa chini, mzaliwa wa Mbale, nathibitisha kwamba kilima hicho hakitumiwi na kabila wala jamaa yoyote, na hakuna mila inayohusiana na kuta hizo. Vigae vilivyopo ni takataka za zamani." Tarehe kumi na nne Juni, elfu moja mia tisa hamsini na nne. Mubaraka bin Isa.

Nikamwambia arudie jina. Akarudia.

Wewe, ambaye nilikubeba mgongoni kupanda kilima hicho mwaka aliokufa mama yako. Wewe uliyevunja jungu kwa mkono wako ukiwa na miaka saba, likakukata kidole, na kovu unalo mpaka leo, ukiandika linakutazama.

Nilitaka kukuandikia kwamba sikulia. Nililia, tena njiani, watu wakiniona, na Khainza akinishika mkono.

Mwaka jana mwezi wa nne nilikuwa kitandani kwa homa ya mapafu, na wenzangu wakakaa chini kuniuguza. Ulijua. Mkaitumia nafasi hiyo, na mwaka haukuisha seng'enge ikafungwa.

Jinja siji. Samaki wa Masese kuleni wenyewe. Jumapili tarehe nane Aprili nitapanda Kilima cha Boma pamoja na kila mwanamke anayetaka kupanda. Tutawasha moto, tutapika, tutakula, na jungu nitalivunja mwenyewe kwenye ukuta ule ule. Nakuambia siku na tarehe ili usiseme hukuambiwa. Ukitaka wapelekee wakubwa wako barua hii, iko wazi.

Zaituni binti Kheri


Walukuba, Jinja
20 Machi 1956

Shangazi,

Shikamoo. Sijui kama utaipokea salamu yangu. Mtoto hajambo.

Nimeandika barua hii mara nne na kuichana. Nitakueleza ilivyokuwa, sio ili unisamehe.

Nilikuwa na miezi mitatu kazini. Bwana mkubwa aliniita ofisini kwake, kulikuwa na wageni wawili wa Kamati ya Bustani na picha za kilima zimetandazwa mezani. Mmoja alishika picha ya ukuta wa magharibi, ile ya vigae, akacheka. Akauliza ni washenzi gani hawa wanaopanda mlima kwenda kuvunja vyungu vyao wenyewe. Wote wakacheka. Bwana mkubwa akanigeukia, akasema, "Mubaraka ni wa Mbale, atatuambia." Walikuwa wananitazama, na mimi nimevaa tai niliyoazima. Nikasema, "Sijui, bwana. Hakuna anayepatumia." Karatasi ikapigwa chapa, nikatia sahihi. Ilichukua muda mfupi kuliko kunywa chai.

Miezi miwili baadaye nikapewa nyumba hii. Nimejiambia mara nyingi kwamba mambo hayo mawili hayahusiani.

Niliona haya, shangazi. Niliwaonea haya ninyi, watu mlionilea. Hilo ndilo jambo nililoshindwa kukuandikia tangu Novemba.

Sasa nakuomba kwa jina la baba yangu Isa, kaka yako, usipande. Wataleta askari. Jina letu la ukoo ni moja, wataniuliza, na uongo wangu utatoka hadharani. Nina mtoto wa mwezi mmoja. Siwezi kuja, na siwezi kwenda kwa bwana mkubwa kubadilisha maneno. Nimefika mlangoni kwake mara mbili, nikarudi mezani kwangu.

Mubaraka


Nkoma, Mbale
15 Aprili 1956

Mubaraka,

Ramadhani njema kwako na kwa mkeo. Goti limetulia, ajabu, tangu Jumapili halijanisumbua hata kidogo. Mbuzi mmoja wa mapacha tulimchinja kwa ajili ya siku ile. Sikuambii ni ndugu yupi.

Tulipanda.

Tulikuwa wanawake arobaini na watano. Kibao kinakataza mkusanyiko wa zaidi ya kumi, kwa hiyo tuligawanyika tisa tisa, makundi matano, kila kundi na jungu lake, na kati ya kundi na kundi tuliacha nafasi ya kutosha mtu kupita na baiskeli. Nicanor alisimama getini akahesabu kwa kidole. "Tisa. Sawa. Tisa. Sawa." Lilipofika kundi la tano, la Khainza, akamtazama na mzigo wa kuni kichwani, akamuuliza, "Hii kuni ni ya nini, mama?"

Khainza akamjibu, "Ni ya kukalia."

Nicanor akageuza uso upande wa Wanale, akaanza kuangalia maporomoko kwa makini sana, mpaka kuni zote zikapita.

Mawe yao yaliyopakwa chokaa yalifaa sana kwa mafiga. Nilipika pilau mimi mwenyewe, Khainza akapika malewa, wengine ndizi na kunde. Kulikuwa na Wazungu wachache wamekuja kutembea, Jumapili ile. Mmoja alikuwa anachora mlima kwenye karatasi, akahamisha kiti chake ili moshi usimwingie machoni, akaendelea kuchora. Na Manjula, mke wa yule fundi saa wa barabara ya soko, alikuwa amekaa na watoto wake kwenye ukuta. Akashuka akaniomba kitunguu, akakikaanga na pilipili yake mwenyewe aliyoibeba kwenye kibati. Basi tukawa arobaini na sita na hesabu ya Nicanor ikaharibika.

Saa nane akaja bwana wa Kamati, yule mrefu mwenye shingo nyekundu, na askari wawili.

"Nani kubwa ya hapa?"

Nikasimama. "Mimi."

"Zima hii moto sasa hivi."

Nikamwambia, "Bwana, wali bado una maji. Moto ukizimwa sasa utaharibika, na chakula cha watu hawa wote kitamwagwa. Ngoja nusu saa."

Usidhani sikuogopa, Mubaraka. Lakini nilikuwa na mwiko mkononi, na mtu mwenye mwiko jungu likichemka hana mahali pa kukimbilia. Akatazama jungu. Akatazama askari wake, na askari wake walikuwa wanatazama jungu. Akaenda kukaa kwenye kile kiti chake cha kijani akangoja, nusu saa kamili, saa mkononi.

Tulikula. Tuliomba dua. Nikawataja waliokufa wote, na baba yako Isa nikamtaja. Kisha nikachukua jungu kuukuu la mama yangu, lenye ufa tangu mwaka juzi, nikaenda mpaka ukuta wa magharibi, mbele ya macho ya yule bwana, nikalivunja. Wanawake wakapiga vigelegele nadhani mpaka Teso walisikia. Ndipo nikamwambia, "Sasa zima moto wako."

Akaandika jina langu.

Jumatano watu wa Kamati wakaniita. Wamenipa karatasi ya kusema nilikosa na sitarudia. Nikasema sikukosa na nitarudia. Wakaniambia basi nitapelekwa mahakamani. Nikasema twende leo, nimekwisha vaa. Hapo wakanong'ona. Naona hawataki kesi, hawataki watu wajue kwamba bwana mzima alingojea pilau. Karani akafungua faili, akaona jina lako. Wakasema kama mwanamke mwenyewe hataki, ndugu yake mwanamume anaweza kuahidi kwa niaba yake, tena ni mtumishi wa serikali, na ndiye yule yule aliyeandika mwanzo kwamba hakuna mila. Ukitia sahihi, jambo limekwisha, na hakuna jungu litakalopanda tena kile kilima, kwa neno la nyumba yetu wenyewe.

Karatasi inakuja kwako, kwa mkono wa bwana mkubwa wako.

Sikuambii ufanye nini. Nilikuambia mambo mengi ulipokuwa mdogo.

Zaituni binti Kheri


Walukuba, Jinja
4 Mei 1956

Shangazi yangu,

Shikamoo. Tumefunga salama mpaka leo, Mungu ashukuriwe. Shifa anacheka sasa, hasa akiona taa. Nangobi anakusalimu, na amenituma niseme anataka kujua malewa yanapikwa vipi.

Karatasi ilifika Jumatatu. Bwana mkubwa aliniita, akanivutia kiti, jambo ambalo hajalifanya kwa karani yeyote. Kalamu yake mwenyewe ilikuwa juu ya meza, wazi. Akaniambia jina langu liko wa kwanza kwenye orodha ya ukarani mkuu, na hili ni jambo dogo la kuliondoa njiani. Aliniambia kwa upole. Angefoka ingekuwa rahisi.

Nikasimama. Nikasema, "Bwana, siwezi kuahidi kwa niaba yake, kwa sababu hakukosa. Aliyekosa ni mimi. Mwaka wa hamsini na nne nilitia sahihi uongo hapa hapa mezani."

Akasema nikae nifikiri. Nikasema nimefikiri miaka miwili.

Nilirudi mezani kwangu, nikapiga chapa karatasi yangu mwenyewe, nakala tatu. Moja nimempa yeye. Moja nimeituma Kamati ya Bustani. Ya tatu nakuwekea humu. Makarani wenzangu walisimama nyuma yangu wakisoma kila neno linavyotoka, na hakuna aliyecheka.

Kazi imekwisha. Nimeambiwa nikabidhi funguo za nyumba kabla ya tarehe kumi. Niliogopa kumwambia Nangobi, nikazunguka mtaa mzima kabla ya kuingia. Alinisikiliza mpaka mwisho, akaanza kukunja mapazia, akasema hata hivyo hakuwahi kuyapenda. Tutapanda treni ya Jumanne ijayo kuja Mbale, kama mlango wako bado unafunguka kwetu. Usipofunguka nitaelewa, nitatafuta chumba.

Karatasi yenyewe hii hapa:

"Mimi Mubaraka bin Isa bin Kheri, mzaliwa wa Mbale, naifuta sahihi yangu ya tarehe kumi na nne Juni 1954. Niliulizwa kama kuna watu wanaokitumia Kilima cha Boma nikasema hakuna. Nilisema uongo kwa sababu niliona haya. Wapo. Wamekitumia kila mwaka tangu kabla sijazaliwa. Wanapika ndani ya kuta hizo, wanakula, wanawaombea wafu wao, na wanavunja jungu kwenye ukuta wa magharibi. Mimi nimelivunja pia. Sitatia sahihi ahadi ya mtu mwingine kuacha."

Mwanao,
Mubaraka


Nkoma, Mbale
6 Mei 1956

Mwanangu Mubaraka,

Barua yako imefika leo Jumapili, karani wa posta aliniletea nyumbani, maana huku sasa kila mtu anajua nyumba yangu. Nimeisoma mwenyewe, kisha nimemsomea Khainza, kisha nimeipeleka getini nikamsomea Nicanor. Ile karatasi alinitaka nimsomee mara ya pili, akiwa amesimama.

Chumba cha nyuma nimekifagia. Mtoto atalala na mimi, usibishane. Nangobi mwambie malewa hayafundishwi kwa barua.

Kamati haijasema kitu. Kibao bado kipo na geti bado lipo. Wanaweza kuniita tena, na sasa wanaweza kukuita na wewe, ujiandae. Kazi itapatikana au haitapatikana, tutaona, mikono unayo.

Umeandika vizuri. Lakini umeandika, Mubaraka, na uongo ule pia uliuandika. Sijakusamehe bado, na sitakusamehe kwa barua.

Idi itakuwa Jumamosi, mwezi ukionekana. Tutapanda kilimani baada ya swala, mchana kweupe, mji mzima ukiwa njiani na nguo zake mpya. Wewe utatangulia, mimi nitakuwa nyuma yako na mtoto. Nimemwambia Nicanor akusimamishe getini akuulize jina lako na umefuata nini juu ya kilima.

Mjibu kwa sauti, na mimi nisikie.

Shangazi yako,
Zaituni